Kutaja Namba Bado Si Kuhesabu

Wazazi wengi wanaoniletea watoto wa chekechea hapa Kampala huanza kwa kujivunia kwamba mtoto anafika ishirini bila kukwama. Mimi hutandaza vizibo kumi vya soda mkekani na kumwomba mtoto jambo dogo: "Nipe vitatu." Mara nyingi huzoa vinavyoenea kiganjani na kunikabidhi vyote kwa tabasamu, kwa sababu alichokariri ni mfuatano wa maneno tu, na maneno hayo hayajashikamana na idadi yoyote.

Mwaka 1978, wanasaikolojia wa Marekani Rochel Gelman na C. R. Gallistel walieleza kanuni ambazo kuhesabu hutegemea, na tatu kati yake ndizo zinazomhusu zaidi mzazi: kila kitu kipewe neno moja tu, maneno yafuatane kwa mpangilio usiobadilika, na neno la mwisho litaje jumla. Mpangilio huja kwa kurudiarudia, sina la kuongeza. Kwa kanuni ya kitu kimoja na neno moja, sijaona kifaa kinachoushinda ubao wa omweso, mchezo wa Uganda unaofanana na bao, wenye mashimo 32 na kete 64. Mtoto adondoshe kete moja katika kila shimo huku akitaja namba. Neno likiutangulia mkono, shimo tupu litamuumbua. (Kwa anayetia kila kitu mdomoni, tumia viazi au machungwa, kwani kete zaweza kumpalia.)

Kanuni ya jumla ndiyo ngumu. Mtoto akishagusa viazi vitano na kufika "tano", muulize viko vingapi, naye huenda akaanza upya kuvihesabu, kana kwamba swali lilikuwa amri ya kurudia. Hapo usimkemee; anza wewe na jumla, useme "Hapa pana viazi vitatu", kisha mviguse pamoja moja, mbili, tatu, na umalizie kwa "vitatu". Bakini kwenye idadi ndogo. Kwa kawaida mtoto huelewa moja, baadaye mbili, kisha tatu, na kati ya hatua hizo yaweza kupita miezi. Ndiyo maana sioni faida ya kumsukuma mtoto wa miaka mitatu kuelekea mia moja ilhali hawezi kuleta sahani mbili akitumwa jikoni.

Wengine huhofia kwamba Kiswahili cha nyumbani, Kiganda cha majirani na Kiingereza cha darasani vitamchanganya. Sioni sababu ya kuiacha lugha yoyote, ila hesabu iliyoanza kwa lugha moja na iishie kwa lugha hiyo hiyo.

Tarakimu za kuandika zinaweza kusubiri. Lakini mtoto aliyetimiza miaka mitano, ambaye kwa lugha anayoizoea bado hawezi kutoa vitu vitatu, mimi hushauri kwanza apimwe masikio na macho, kabla ya kuongezewa mazoezi.