Je, wajua kwa nini Dragon's Dogma 2 inasifiwa na kutukanwa kwa kitu kilekile?

Ukifungua Steam, lile duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, ukaenda kwenye ukurasa wa Dragon's Dogma 2 unakuta lebo ya maoni mchanganyiko, na mtu ambaye haijui akiona hivyo anasema aah basi hii ni gemu ya kawaida tu, si nzuri si mbaya, anapita zake. Hapo ndo watu wanapokosea. Hakuna mtu anayeiongelea hii gemu kikawaida. Kuna anayekwambia hajawahi kucheza kitu kitamu kama hiki na kuna anayetaka arudishiwe dola zake 70 leoleo, na ukikaa ukasoma maoni yao kwa utulivu unagundua kwamba mara nyingi wote wawili wanaongelea jambo moja, huyu analisifia na yule analilaani.

Tuimalize kwanza hiyo lebo. Steam haina nyota tano wala alama kumi, ina dole gumba tu, juu au chini, halafu inapiga asilimia ya madole ya juu. Ikiangukia kati ya 40 na 69 inaandika maoni mchanganyiko. Sasa watu mia wakiona gemu iko hivihivi tu halafu 55 wakapandisha dole kwa kusitasita unapata lebo hiyo, na watu mia wakigawanyika 55 wanaipenda kufa na 45 wanaichukia kufa unapata lebo hiyohiyo. Mashine haijui tofauti. Dragon's Dogma 2 ni ile hali ya pili, na siku ya kwanza hali ilikuwa mbaya zaidi maana ilikuwa chini hata ya mchanganyiko, ilikuwa upande wa hasi kabisa, wakati huohuo waandishi wa magemu walikuwa tayari wameshaipa wastani wa zaidi ya 80 kwa 100. Na watu walikuwa wanaicheza! Kwenye Steam peke yake wikiendi ile ya mwanzo walifika zaidi ya 220,000 kwa wakati mmoja. Wanacheza huku wanalalamika.

Kwa ambaye hajaicheza, gemu yenyewe ilitoka tarehe 22 Machi 2024, imetengenezwa na Capcom wa Japani chini ya mkurugenzi Hideaki Itsuno, ikiwa ni muendelezo wa ile ya kwanza ya 2012. Wewe ni mtu ambaye joka limekuja likakunyofoa moyo likaondoka nao, na inabidi ulifuate. Unatembea kwenye ulimwengu wazi wenye nchi mbili kubwa, Vermund yenye misitu na mashamba, na Battahl yenye mawe na vumbi, ukiwa na wenzako watatu wanaoitwa Pawn. Mmoja unamtengeneza mwenyewe, sura hadi sauti, wawili unawakodi, na hao wa kukodi wametengenezwa na wachezaji wengine huko duniani, kwahiyo Pawn wa mtu wa Brazili anaweza kuingia kwenye gemu yako akakwambia bosi mimi hii kazi nilishaifanya na bwana wangu, nifuate nikuoneshe njia. Na kweli anakupeleka. Mimi naona hii ndo akili kubwa kuliko zote kwenye hii gemu na ajabu haigombaniwi sana, labda kwa sababu wanaongea mno, hawa viumbe hawanyamazi hata dakika.

Sasa ugomvi unaanzia barabarani.

Magemu mengi ya siku hizi ya ulimwengu wazi yanakupa ramani, unabonyeza unakotaka kwenda na umeshafika. Itsuno hakutaka. Kabla gemu haijatoka alisema wazi kwenye mahojiano kwamba ukiona safari inachosha basi tatizo ni gemu yako inachosha, ifanye safari yenyewe iwe tamu. Kwahiyo humu kuruka, yaani kufika unakotaka papo hapo, unatumia jiwe linaitwa Ferrystone, dukani ni dhahabu 10,000 ambayo mwanzoni ni hela ndefu kweli, na jiwe lenyewe linakupeleka tu mahali penye Portcrystal, yaani alama za pa kutua, ambazo ramani nzima zipo chache. Usipokuwa nalo unatembea kwa miguu, au unapanda mkokoteni wa ng'ombe, unasinzia, halafu katikati ya njia magoblini wanavamia mnashuka mnapigana, na likitokea jitu kubwa likaukanyaga mkokoteni ukavunjika basi safari imeishia hapo, mnamalizia kwa mguu usiku, na usiku wa humu ni giza la kweli sio lile giza la buluu, unatembea na taa na mafuta ya taa yanaisha.

Ongeza hili. Kila ukipigwa, kiwango cha juu kabisa cha afya yako kinapungua kidogo na hakirudi kwa dawa wala kwa uchawi mpaka ulale, aidha kambini au gesti. Yaani safari ikiwa ndefu unazidi kuwa mnyonge, unaanza kujiuliza nirudi au nisonge, ile pango ile niingie au niiache. Na sevu ni moja tu. Inajisevu yenyewe kila mara, huwezi kuweka kumi kumi kama tulivyozoea ili ukiharibu urudi nyuma, una ile ya sasa hivi na ile ya mara ya mwisho ulipolala gesti, basi.

Kwa mtu mmoja hiyo ndo raha yenyewe. Alitoka mjini kupeleka kitu kijiji cha pili, njiani akashambuliwa na grifini, yule mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba, akamdandia mgongoni ili amchome, grifini akaruka naye angani akaenda kumtua sehemu ambayo hajawahi kufika maishani, usiku umeingia, Pawn mmoja kafa, na hapo ndo gemu imeanza. Hiyo stori hajaandikiwa na mtu, imemtokea yeye. Kwa mtu mwingine aliyerudi kutoka kazini saa mbili usiku na ana saa moja tu kabla ya kulala, hiyohiyo stori ni kwamba alitaka kupeleka kitu kijiji cha pili na saa nzima imeisha hajafika. Wote wanasema ukweli. Hapo hakuna wa kumlaumu, na kama ingeishia hapo nadhani gemu ingekuwa na wapinzani wachache tu wa kistaarabu.

Haikuishia hapo. Siku gemu inafunguliwa watu wakakuta pembeni yake kwenye duka la Steam kuna vitu 21 vya kununua kwa pesa halisi. Jiwe la kumfufua mtu, dola moja kasoro senti. Kitabu cha kubadili sura ya mhusika wako, dola mbili. Ufunguo wa kutorokea jela. Kambi nyepesi. Na Portcrystal, dola tatu. Waandishi waliopewa gemu mapema kuifanyia tathmini hawakuviona kwa sababu duka lilikuwa halijafunguliwa bado, ndo maana tathmini zao zilikuwa zinaongelea grifini na machweo ya jua wakati mnunuzi wa kawaida kitu cha kwanza alichokutana nacho ni bei.

Na hapa ndo ule ugumu wa safari ukageuka maana. Wakazi wa Dar wanawajua wale vijana wa masika wanaoweka mbao juu ya dimbwi halafu wanakudai hela upite, na ukishadaiwa ukiwa na haraka unaanza kuliangalia dimbwi lenyewe kwa jicho jingine, hivi hili ni la mvua au kuna mtu kalichimba? Wachezaji walijiuliza hivyohivyo. Kubadili sura ni shida, halafu dawa ya kubadili sura inauzwa. Kuruka ni shida, halafu Portcrystal inauzwa. Na kibaya zaidi kwenye menyu hakukuwa na kitufe cha kuanza gemu upya, kwahiyo ukikosea sura ya mhusika wako unabaki nayo, watu wa PC wakawa wanaenda kufuta mafaili ya sevu kwa mkono ili waanze tena. Ukiwa na watu wenye hasira tayari, ukawawekea na hilo, utawaambia nini?

Kiukweli ukiangalia kwa makini tuhuma nyingi hazikuwa na mguu. Ferrystone zenyewe, yale mawe ya kurukia, haziuzwi kwa pesa halisi hata moja. Portcrystal ya kununua ni moja tu, huwezi kununua mbili. Kitabu cha sura kilikuwa kinapatikana ndani ya gemu bila hela, ila duka la ndani lilikuwa linaweka viwili tu. Capcom wakajitetea kwamba kila kitu unaweza kukipata kwa kucheza, na ni kweli, nimeona watu wamemaliza gemu nzima bila kugusa hata kimoja wala kuhisi wanakihitaji. Sasa hii ndo inaniudhi mimi, maana ina maana kwamba walichafua jina la gemu yao kwa vitu ambavyo havina hata faida kwa anayevinunua. Nani alikaa kikao akasema tuuze ufunguo wa jela?

La pili lililowasha moto ni uzito. Mtu ana kompyuta ya milioni kadhaa, kadi ya grafiksi ya juu kabisa, porini gemu inateleza vizuri, akiingia tu mji mkuu, Vernworth, inaanza kukwamakwama, anashusha grafiksi mpaka chini kabisa na bado iko vilevile. Sababu ni kwamba mzigo haukuwa kwenye kadi, ulikuwa kwenye prosesa. Capcom wenyewe walieleza kwamba kila mhusika anakula nguvu kubwa ya prosesa kwa sababu gemu inapiga hesabu ya uwepo wa mwili wake na unavyoathiri vinavyomzunguka, na wakijaa wengi sehemu moja fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, zinashuka. Watu waliposikia hivyo unadhani walifanya nini, wakaingia mjini wakaanza kuua raia! Sio utani, walichinja wauza mboga na walinzi ili kompyuta ipumue, na wengine wakaripoti kwamba kweli inasaidia.

Lakini tena, angalia, ni kitu kilekile. Hao raia wanaoipa prosesa homa ndo wanaofanya mji uonekane una watu. Wana ratiba zao, wanaenda wanarudi, ukimwokoa mtu leo anakukumbuka kesho anakuletea zawadi, akifa unamkuta mochwari na unaweza kwenda kumfufua kwa jiwe. Anayesifia uhai wa mji na anayelaani kigugumizi wameelekeza kidole kwa mtu mmoja, yule mama anayepita na kapu.

Halafu kuna ugonjwa wa joka. Huu sijui niusemeje. Pawn anaweza kuambukizwa ugonjwa na Pawn wa mchezaji mwingine, dalili zake macho yanakuwa mekundu, analalamika kichwa, anakuwa mkaidi ukimwita haji. Gemu inakutolea onyo moja la maandishi, ukilipita umelipita. Ugonjwa ukikomaa, siku unalala gesti mjini unaamka unakuta mji mzima kimya, Pawn wako kageuka usiku kaua kila mtu, wauzaji, wapangaji, waliokupa kazi ambazo hujamaliza. Na kwa kuwa kulala gesti ndo kunasevu, hakuna kurudi nyuma. Dawa ni kumwahi mapema, unambeba unamtupa mtoni afe, halafu unamwita tena akiwa mzima. Kuna waliopigwa na hilo tukio wakafuta gemu palepale, na kuna walioliita tukio bora kuliko yote waliyowahi kuyaona kwenye gemu. Mimi niko upande wa pili ila naelewa kabisa wa upande wa kwanza, hasa kama ndo ulikuwa umebakiza kazi tatu.

Capcom hawakukaa kimya. Ndani ya wiki kama moja kitufe cha kuanza upya kikaja, vitabu vya sura vikajazwa mpaka 99 kwenye duka la ndani, na baadaye Aprili ugonjwa wa joka ukapunguzwa kasi na dalili zikawekwa wazi zaidi. Septemba 2024 wakaleta hali ya uchezaji mwepesi, gesti bei chini, Ferrystone bei chini, ugonjwa hamna, na pamoja nayo marekebisho ya uzito. Wakati huo Itsuno alikuwa ameshaondoka, aliaga mwisho wa Agosti baada ya miaka zaidi ya 30 pale Capcom. Gemu haikufa njaa lakini, siku kumi za mwanzo iliuza nakala milioni 2.5 na kabla ya katikati ya mwaka ikavuka milioni 3.

Kwahiyo ukitaka kujua kama itakufaa, achana na asilimia, soma masaa. Steam inaonesha kila aliyeandika maoni kacheza muda gani, na inaruhusu kurudishiwa hela ukiwa umecheza chini ya saa mbili ndani ya siku 14 tangu ununue, kwahiyo dole la chini lenye saa moja na nusu mara nyingi linaongelea duka na kigugumizi, huyo hata sura ya mhusika huenda alikuwa hajamaliza kuchonga. Dole la chini lenye masaa 80 linaongelea kitu kingine kabisa, huyo atakwambia stori imeisha haraka haraka, maadui wanajirudia, magoblini walewale kila kona, na hayo mimi siyapingi. Na kama unachezea kwenye PS4 usijisumbue kusoma yoyote, haikutoka huko, ni PS5, Xbox Series na PC, na kwenye PC kabla hujatoa hela angalia prosesa yako kwanza, kadi baadaye.