Je, wajua kwa nini besiboli na futiboli ya Marekani hugongana kila Septemba?

Alhamisi ya tarehe 3 Novemba 2022, saa 2:03 usiku kwa saa za Philadelphia, Phillies walianza mechi ya tano ya fainali ya besiboli nyumbani kwao dhidi ya Astros wa Houston. Dakika 12 baadaye, huko Houston, Eagles wa Philadelphia nao wakaanza mechi ya futiboli dhidi ya Texans wa mji huohuo. Miji miwili ilitembeleana usiku mmoja, kila mmoja kwa mchezo wake, na shabiki wa Philadelphia akabaki na rimoti moja na roho mbili. Eagles walishinda 29-17, ushindi wao wa nane mfululizo. Phillies walilala 3-2. Katika awamu ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, J.T. Realmuto wa Phillies aliupiga mpira mbali hadi ukutani, na Chas McCormick wa Houston akaruka, akaudaka, akaanguka nao chini. Siku mbili baadaye Houston walikuwa mabingwa.

Futiboli inayozungumzwa hapa ni ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, si soka. Ligi yake, NFL, hufungua msimu wiki ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, yaani Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Wakati huo besiboli imebakiza karibu mwezi mzima wa ligi, kisha mtoano unaojaza Oktoba yote. Ni wiki nane hivi za kugongana kila mwaka.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katikati ya miaka ya 1960 NFL ilikuwa na mechi 14 na ilianza katikati ya Septemba. Besiboli haikuwa na mtoano wowote: vinara wa ligi zake mbili walikwenda moja kwa moja fainalini, na kwa kawaida katikati ya Oktoba biashara ilikuwa imefungwa. Shabiki alibanwa wiki tatu au nne tu.

Kilichofuata ni kila upande kunenepa. Besiboli iliongeza nusu fainali mwaka 1969, ikaongeza raundi nyingine ya kudumu kuanzia 1995, mwaka 2012 ikaweka mechi moja ya kufa na kupona kwa timu za mwisho kufuzu, na mwaka 2022 mechi hiyo ikageuzwa kuwa raundi kamili ya mechi tatu. Sasa timu 12 kati ya 30 zinaingia mtoano, na timu iliyoanzia raundi ya kwanza inaweza kulazimika kucheza mechi 22 kabla ya kubeba kombe. NFL nayo ilipanda hadi mechi 16 mwaka 1978, kisha 17 mwaka 2021, zinazochezwa ndani ya wiki 18. Wote wawili walifuata fedha za televisheni, na Oktoba ndiyo iliyobanwa katikati.

Swali la kwanza la kila mtu ni hili: kwa nini besiboli isianze mapema ili imalize mapema? Jibu ni baridi. Timu hujinoa Februari na Machi huko Florida na Arizona kwa sababu kaskazini bado kuna theluji. Hata Aprili, Minneapolis na Denver zinaweza kuamka nyeupe. Mrushaji mwenye vidole vilivyokufa ganzi hashiki mpira vizuri, na mpira usioshikika vizuri ukirushwa kwa kilomita 150 kwa saa unaweza kumpata mpigaji kichwani. Wala ligi haibaniki kirahisi: ni mechi 162 kwa kila timu katika miezi sita, karibu kila siku ya Mungu. Njia ya wazi ya kuifupisha ni kupunguza mechi, na hakuna mwenye timu anayetaka kufuta siku za kuuza tiketi.

Futiboli nayo haina pa kusogea. Miili ya wachezaji inahitaji takriban wiki moja kati ya mechi na mechi, kwa hiyo mechi 17 ni miezi minne na zaidi, upende usipende. Siku zake pia zimefungwa na sheria. Sheria ya mwaka 1961 iliyoruhusu NFL kuuza haki za televisheni kwa pamoja haitoi ruhusa hiyo kwa Ijumaa usiku na Jumamosi, kuanzia Ijumaa ya pili ya Septemba hadi Jumamosi ya pili ya Desemba, ili kulinda mechi za sekondari na vyuo. Ndiyo maana NFL imejikita Jumapili, Jumatatu usiku na Alhamisi usiku. Besiboli inacheza karibu kila usiku, kwa hiyo popote futiboli inapotua inamkuta mwenzake yupo.

Mgongano huu wakati mwingine ni wa ardhi hasa. Septemba 2013 Ravens wa Baltimore, mabingwa wa NFL, walistahili kufungua msimu nyumbani Alhamisi usiku, kama ilivyo desturi ya bingwa. Usiku huohuo Orioles, timu ya besiboli ya mji huo, walikuwa na mechi dhidi ya White Sox wa Chicago. Viwanja viwili hivyo viko jirani na vinatumia maegesho yaleyale ya magari. Orioles hawakuisogeza mechi yao, Ravens wakaenda Denver, na Peyton Manning akarusha pasi saba za mabao. Matokeo: 49-27. Oakland hali ilikuwa ngumu zaidi, kwani Athletics na Raiders walitumia uwanja mmoja hadi 2019. Septemba yote wanafutiboli walicheza juu ya udongo mtupu wa njia wanazokimbilia wachezaji wa besiboli, na waliangushwa hapohapo, hadi besiboli ilipoisha na nyasi kutandikwa.

Tukija kwenye maumivu yenyewe, shabiki haumizwi na ratiba peke yake. Michezo hii miwili inagawa tumaini kwa vipimo tofauti. Gawanya 162 kwa 17 upate 9.5: mechi moja ya futiboli ina uzito wa mechi tisa na nusu za besiboli. Timu ya futiboli ikianza kwa kupoteza tatu, ni kama timu ya besiboli imefungwa karibu mara 29 mfululizo. Besiboli ni dripu, futiboli ni ndoo. White Sox walishika mkia vibaya sana mwaka 2024, wakapoteza mechi 121, lakini hata wao walishinda 41. Shabiki wao alirudi nyumbani akicheka mara 41. Lions wa Detroit mwaka 2008 walicheza 16, wakapoteza zote 16.

Kisha inafika Oktoba na besiboli nayo inageuka ndoo. Mwaka 2022 Braves wa Atlanta walishinda mechi 101 katika ligi, Phillies 87. Walipokutana katika raundi ambayo mshindi ni anayetangulia kushinda mechi tatu, Phillies walishinda 3-1 na miezi sita ya Braves ikafutwa kwa mechi nne. Dodgers wa Los Angeles, walioshinda 111, waliondolewa raundi hiyohiyo. Kwa maoni yetu hapa ndipo besiboli inapokosea: inampima mtu kwa mbio ndefu, halafu inamkabidhi medali kwa mbio za mita mia. Lakini Phillies waliingia kama timu ya sita, nafasi ambayo mwaka mmoja nyuma haikuwepo, na Philadelphia hakuna aliyelalamika.

Ukitaka kujua Septemba kama bado kuna sababu ya kuangalia besiboli au uhamie futiboli kwa amani, kuna hesabu moja ya mashabiki. Chukua 163, toa ushindi wa kinara, toa vipigo vya anayemfuata. Kinara ana ushindi 88, anayemfuata amepoteza 66: 163 toa 88 toa 66 ni 9. Kila kinara akishinda, punguza moja. Kila mpinzani akipoteza, punguza moja. Ikifika sifuri, kinara hafikiwi tena. Wengi hukosea kwa kusahau kanuni ya 2022: timu zikilingana hakuna tena mechi ya ziada, yanaangaliwa matokeo kati yao wenyewe. Kama kinara alimshinda mwenzake kwa jumla, anza na 162 badala ya 163.

Hesabu haizuii mvua. Ule usiku wa Philadelphia haukupangwa na mtu. Mgogoro wa mikataba kati ya wenye timu na wachezaji ulichelewesha ufunguzi wa besiboli hadi tarehe 7 Aprili, fainali ikasukumwa. Mechi ya tatu ilikuwa ichezwe Jumatatu tarehe 31 Oktoba. Ikanyesha, ikawa kiporo cha Jumanne, na kila kilichofuata kikasogea siku moja. Bila ile mvua, mechi ya tano ingekuwa Jumatano na Eagles wangebaki na Alhamisi yao.

Kuna mchezaji aliyejaribu kuibeba michezo yote miwili mwilini. Tarehe 11 Oktoba 1992 Deion Sanders alicheza futiboli mchana huko Miami akiwa na Falcons wa Atlanta, akapanda ndege hadi Pittsburgh kujiunga na Braves kwenye mechi ya mtoano usiku. Alifika, akavaa jezi, akakaa benchi hadi mwisho.

Kwa anayefuatilia kutoka Dar es Salaam au Nairobi, mgongano unaangukia usingizini. Tofauti na pwani ya mashariki ya Marekani ni saa 7 wakati wa kiangazi chao. Mechi za kwanza za NFL Jumapili zinaanza saa 2 usiku kwetu, ambazo ni nafuu; za pili zinakaribia saa 6; ya usiku inaanza saa 9:20, kukiwa tayari Jumatatu. Fainali ya besiboli nayo huanza saa 9 na kitu za usiku. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, tofauti inakuwa saa 8, na mechi ya saa 9:20 inakuwa ya saa 10:20 alfajiri. Kwa kawaida besiboli imeshakwisha kufikia hapo, na rimoti inabaki na kazi moja.