Jenerali Kuwa Rais wa Albania Hayakuwa Mapinduzi

Kitengo chetu cha elimu ya uraia kinaendelea kupokea maswali kuhusu Bajram Begaj, jenerali aliyechaguliwa Rais wa Albania mwaka 2022, na mengi yanaanza na kosa lile lile: kwamba Mkuu wa Majeshi akiingia ikulu, basi ameingia kwa mtutu wa bunduki. Si kweli.

Begaj, mzaliwa wa Rrogozhinë, ni daktari. Alihitimu Chuo Kikuu cha Tirana mwaka 1989, akabobea katika magonjwa ya mfumo wa chakula na ini, na akatibu wagonjwa katika hospitali ya jeshi. Alipanda ngazi hadi Julai 2020, alipoteuliwa Mkuu wa Majeshi.

Ibara ya 167 ya Katiba ya Albania inamkataza askari aliye kazini kushika wadhifa mwingine wa dola au kujiingiza katika siasa. Kwa hiyo tarehe 4 Juni 2022, Bunge lilipomchagua, siku hiyo hiyo aliondolewa jeshini. Utaratibu wenyewe ni huu: mgombea hupendekezwa na wabunge wasiopungua 20. Katika duru tatu za kwanza anahitaji tatu ya tano ya wabunge wote, yaani kura 84 kati ya 140. Duru hizo zilipita bila mgombea hata mmoja. Kuanzia duru ya nne zinatosha kura 71, na Begaj akapata 78. Sehemu kubwa ya upinzani ilisusia, na ni haki yake kulalamikia uchaguzi huo. Lakini kususia kura si ushahidi wa mapinduzi, na tungeomba wasomaji waache kuvichanganya viwili hivi.

Wanaotaka kuona jeshi lililomezwa na siasa wamtazame Beqir Balluku. Alikuwa waziri wa ulinzi wa Albania tangu 1953, enzi za ukomunisti, na mtu wa ndani kabisa wa chama tawala. Vyeo vya kijeshi vilifutwa mwaka 1966, makamisaa wa chama wakatawala vikosi. Mwaka 1974 alituhumiwa kupanga njama, na mwaka uliofuata akauawa pamoja na Petrit Dume, aliyewahi kuwa Mkuu wa Majeshi, na Hito Çako, aliyekuwa mkuu wa kurugenzi ya siasa jeshini. Hapakuwa na mahakama huru wala Bunge la kumkingia kifua. Ndiyo maana ibara ya 167 ina uzito kwa Waalbania.

Wengine wanauliza kwa nini Begaj hamwondoi waziri mkuu. Hana mamlaka hayo kwa utashi wake. Ni Amiri Jeshi Mkuu, ila wakati wa amani anaongoza jeshi kupitia waziri mkuu na waziri wa ulinzi.

Rais akivunja Katiba, robo ya wabunge wanaweza kuanzisha hoja ya kumwondoa, theluthi mbili wakaipitisha, kisha Mahakama ya Katiba ikaamua. Mwaka 2021 Bunge liliamua kwa kura 104 kumwondoa mtangulizi wa Begaj, Ilir Meta. Februari 2022 mahakama ikaufuta uamuzi huo, naye Meta akamaliza muhula wake hadi Begaj alipoapishwa tarehe 24 Julai.