Kwa nini mtoto huvunja kichezeo chake mwenyewe, na ni lini ushtuke?

Gari lenyewe lilikuwa la polisi, la plastiki ya buluu, lenye king'ora cha kuudhi mtaa mzima. Dada yangu alimnunulia mwanawe siku ya Idi pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu. Mpwa wangu ana miaka minne na nusu. Siku ya kwanza alilisukuma huku na huku. Idi pili akalilaza chali barazani kwetu Langoni, akachukua mpini wa kijiko, na kufikia adhuhuri gari lilikuwa vipande kumi na saba. Nilivihesabu.

Bibi yake alitoka, akavitazama, akasema kwa Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu, "Mwana huyu mvundaji," yaani mvunjaji, kisha akarudi jikoni. Dada yangu hakujibu kitu mbele ya mamake. Jioni ndipo aliponisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, huyu mtoto mzima kweli? Kila nimpacho hukivunda."

Nilimwambia ni mzima. Lakini mama aliyeingiwa na shaka hatulizwi kwa neno moja, na swali lake ni zuri kuliko alivyodhani.

Kiswahili chenyewe hakijaamua. Mtoto akisumbua tunamwita mtundu. Fundi akiifufua redio iliyowashinda wenziwe, naye tunamsifu kwa utundu wake. Neno ni lile lile, ila fundi hukirudisha kitu kikiwa kinalia.

Tuanze na wachanga. Mtoto wa miezi tisa anayegongesha kikombe sakafuni hana nia ya kukivunja, wala mkono wake haujajua kupima nguvu. Hajui hata maana ya "kuvunjika". Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1896, alijifunza mengi kwa kuwatazama wanawe watatu nyumbani. Mwanawe wa kiume, akiwa na miezi kumi hivi, alikuwa akiangusha vitu kimoja baada ya kingine, anabadilisha mahali mkono ulipo, huku akifuata kwa macho kila kinapotua. Mama anayeokota kijiko kwa mara ya sita huona ujeuri. Piaget aliona mtu yuko kazini.

Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, Aimee Stahl na Lisa Feigenson, walilifikisha jambo hili mbali zaidi. Walichukua watoto wa miezi kumi na moja, wakawaonyesha kiini macho. Wengine waliona mpira ukibingirika na kuonekana kama umepenya ukuta. Wengine waliona kigari kikisukumwa hadi kupita ukingo wa meza, kisha kikabaki kimeelea hewani badala ya kuanguka. Halafu wakapewa vitu hivyo mikononi. Waliouona mpira ukipenya ukuta waliugongesha mezani. Waliokiona kigari kikielea walikiangusha. Yaani kila mmoja alikipa kitu mtihani uleule uliomtia shaka: wewe uliyepita ukutani, hebu tuone kama u mgumu, wewe uliyekataa kuanguka, hebu anguka tena. Hao ni watoto ambao wengi wao hata kutembea bado.

Kwa wakubwa kidogo, kuna jaribio la mwaka 2007 la Laura Schulz na Elizabeth Bonawitz, pia Marekani. Watoto wa umri wa chekechea walionyeshwa sanduku lenye vishikio viwili. Ukivibonyeza, vinyago viwili huchomoza juu. Baadhi yao walionyeshwa vishikio vyote vikibonyezwa kwa pamoja, kwa hiyo hawakuweza kujua kipi kinatoa kinyago kipi. Kisha wakawekewa sanduku lile na jingine jipya kabisa, wachague. Sisi husema kipya kinyemi, na ndivyo ilivyokuwa kwa wale walioelewa sanduku linavyofanya kazi: walikimbilia jipya. Waliobaki na fumbo walirudi kwenye sanduku kuukuu.

Ndiyo maana siku ile, kabla sijasema chochote, nilikaa kando ya mpwa wangu nikamuuliza, "Mjomba, watafuta nini?" Hakuinua macho. Akasema, "Namtaka huyo anayelia."

Alikuwa akimtafuta aliyemo ndani ya king'ora. Alikuta kispika kidogo chenye ngozi ya karatasi. Akakiweka sikioni, hakikusema kitu, akakitupa. Lakini mota ilimshika. Tuliichokoa pamoja kwa ncha ya kisu: ndani yake mna vipande viwili vya sumaku vilivyopinda kama kucha, na katikati kijiti kilichozungushwa nyuzi za shaba nyembamba kama nywele. Nilisogeza msumari, sumaku ikaudaka. Aliutoa na kuurudisha labda mara ishirini. Gari zima halikuwahi kumpa furaha ile. Nusu saa nzima hakuomba chakula wala kwenda msalani.

Kabla ya kumlaumu mtoto, tena, kitazame kichezeo. Vingi vinavyofika visiwani ni plastiki nyepesi, na jua la pwani huivunja plastiki taratibu hadi ikawa kavu kama ganda la yai. Hewa ya chumvi nayo hula springi za betri. Mwezi mmoja dirishani, na kichezeo kitavunjika hata mkononi mwa mtu mzima mpole. Tofautisha na vidau ambavyo watoto hapa hujitengenezea kwa mbao, maboya na ndara zilizookotwa ufukweni. Hivyo huvunjika kila siku na hakuna anayepiga kelele, maana aliyekivunja ndiye atakayekiunga. (Ndara si kitu cha kudharau: dau la Flipflopi, lililoundwa huku Lamu kwa takataka za plastiki na kupambwa kwa ndara 30,000 hivi, lilisafiri hadi Unguja mwaka 2019.)

Basi kuna kuvunja kwa hasira. Mtoto wa miaka miwili au mitatu ana matakwa makubwa na maneno machache. Akinyimwa, mkono hujibu kabla ya ulimi, na kilicho karibu hurushwa. Hili pia ni la umri, na hupungua kadiri maneno yanavyoongezeka. Mtoto akipata mdogo wake naye anaweza kuanza kuvunjavunja. Anayetaka kusikilizwa ni yeye, kigari ni njia tu.

Nilichomwambia dada yangu ni kwamba aache kuhesabu vipande na amtazame mtoto usoni, wakati anavunja na baada ya kuvunja. Mdadisi hutulia, ulimi nje kidogo, vidole vinafanya kazi polepole. Mwenye hasira hulipuka, kisha aghalabu hulia kwa sababu kitu chake kimekwisha. Kinachopaswa kukukosesha usingizi ni uso wa tatu: mtoto mkubwa, tuseme wa shule ya msingi, anayeharibu kwa makusudi tena na tena, na hasa vitu vya wenzake, na machozi ya mwenye kitu hayamgusi. Kama anatesa paka wa mtaani au kumchoma punda kwa kijiti ili amwone akiruka, au anawasha moto kwa siri, usingoje.

Madaktari wa akili wa Marekani, katika DSM-5, mwongozo wao wa kutambua magonjwa ya akili wa mwaka 2013, wameorodhesha dalili 15 za ugonjwa wa tabia kwa watoto na vijana. Kuharibu mali kwa makusudi imo, lakini ni mali ya watu wengine. Kichezeo cha mtoto mwenyewe hakikutajwa. Na hata hivyo dalili moja haitoshi. Ziwe angalau tatu katika miezi 12, na moja yao iwe imeonekana ndani ya miezi 6 ya karibuni. Gari la Idi halikaribii huko.

Ila kuna jingine ambalo mimi hulitazama kuliko orodha yoyote, nalo ni mabadiliko. Mtoto aliyekuwa akitunza vitu vyake, ghafla anavikanyaga. Au anampiga mwanasesere kwa namna ile ile kila siku, na kwa maneno ya mtu mzima. Watoto huigiza walichokiona. Hapo swali si kichezeo, ni nani amemfanyia nini, au nani ameondoka nyumbani. Ukishuku kuna anayemuumiza mtoto, hapa Kenya namba 116 hupigwa bila malipo.

Hatari iliyo karibu zaidi, na isiyozungumzwa barazani, imo ndani ya kichezeo chenyewe. Zile betri bapa za duara, kama kifungo cha koti, mtoto akimeza moja ikakwama kooni, umeme wake hukutana na mate na kuanza kuunguza nyama. Saa 2 zinatosha kuleta jeraha baya. Usimtapishe, mkimbize hospitali, na kwa anayetoka kisiwani usiku kwa boti saa 2 ni chache mno. Sumaku ndogo zenye nguvu nazo, zikimezwa mbili, huvutana kupitia kuta za matumbo na zinaweza kuyatoboa. Kanuni za Marekani huwataka watengenezaji wa vichezeo vya watoto wa chini ya miaka 3 wakiangushe kichezeo, wakivute na kukipinda, kisha vipande vipimwe kwa kichupa chenye upana wa milimita 31.7. Kinachozama chote humo hakifai. Yaani hata wanaovitengeneza wameshakubali kwamba vitavunjwa.

Kwa hiyo tulitoa betri zote, mota ikafungwa tena na sumaku zake ndani, mabaki yakatiwa katika kopo la maziwa ya unga. Kopo hilo sasa ni lake: vilivyomo anaruhusiwa kuvunja, vya wengine aombe kwanza. Binamu yake mwenye miaka kumi alikuja akaichukua mota, akaifunga kwa mpira nyuma ya kidau cha ndara, akaunga betri yake mwenyewe. Kilikwenda hatua mbili hivi kutoka gatini, kikageuka ubavu, kikazama na mota yake.

Mpwa wangu hakusikitika. Jana nilimkuta amesimama mbele ya redio ya bibi yake, mikono nyuma kama mzee, akaniuliza kama humo ndani pia mna anayelia. Bibi ameshaipandisha redio kwenye kidaka cha juu kabisa.