Ubabe wa kijeshi: maana yake ni nini hasa?

Bondia akiangushwa, mkanda unabadilisha kiuno usiku uleule na kila mtu anamjua bingwa mpya. Dola hazina ulingo wala refa. Ndiyo maana mabishano ya kijiweni kuhusu Marekani hayaishi: mmoja anasema hakuna jeshi linaloweza kusimama mbele yake, mwingine anamuuliza, "Sasa Kabul alikimbia nini?" Wote wawili wana hoja. Wanatumia neno moja, ubabe, kila mmoja akiwa na maana yake kichwani.

Kwa maana ya kawaida, ubabe wa kijeshi ni hali ya nchi kuwazidi wapinzani wake wote kwa nguvu za kivita. Hapo ubishi ni mdogo. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, inayofuatilia matumizi ya kijeshi duniani, inakadiria kuwa mwaka 2024 Marekani ilitumia dola bilioni 997 kwa jeshi lake. Hizo ni zaidi ya theluthi ya fedha zote zilizotumiwa na majeshi ya dunia nzima, na zaidi ya mara tatu ya China inayoifuata. Ina meli 11 kubwa za kubeba ndege za kivita, zote zikiendeshwa kwa nyuklia, na kambi kuanzia Japani hadi Djibouti. Kuna nyufa hata hapa: China imeshaipita kwa idadi ya manowari, na viwanda vyake vinaunda meli kwa kasi ambayo Marekani haina. Lakini ukihesabu kilichomo ghalani, mbabe anajulikana.

Maana ya pili ni kushinda vita, na shida inaanza hapo, silaha zinapotoka ghalani. Kiswahili kinatenganisha mapigano na vita, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko tunavyoichukulia. Pigano ni la saa, siku au wiki: nani kateka kilima, nani karudi nyuma. Vita hupiganwa kwa ajili ya jambo, kama kung'oa utawala, kuulinda mwingine au kumtoa mtu kwenye ardhi ya jirani. Na neno letu kushinda lina makali mawili: unaweza kumshinda adui kila mnapokutana, na bado kazi yenyewe ikakushinda, kama mzigo unavyomshinda hamali mwenye kifua kipana.

Vietnam ndiyo mfano unaotajwa kila mara, na kwa haki. Mwaka 1969 Marekani ilikuwa na askari zaidi ya 540,000 huko, na kufikia mwisho wa vita ndege zake zilikuwa zimeangusha Indochina, yaani Vietnam, Laos na Kambodia, mabomu mengi kuliko ilivyoangusha katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka huohuo wa 1969 Henry Kissinger, aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliandika kwamba mpiganaji wa msituni hushinda asiposhindwa, na jeshi la kawaida hushindwa lisiposhinda. Halafu kuna kisa alichokisimulia mwenyewe Kanali Harry Summers wa jeshi la Marekani. Aprili 1975, akiwa Hanoi kwa mazungumzo, alimwambia ofisa wa Vietnam Kaskazini, Kanali Tu, kwamba hawakuwahi kuwashinda Wamarekani kwenye uwanja wa mapigano. Tu akafikiri kidogo, akajibu kwamba huenda ni kweli, lakini hilo halihusiani na kitu. Siku chache baadaye Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini iliyokuwa ikilindwa na Marekani, ikaanguka.

Sasa, ni uongo kusema Marekani haijashinda vita tangu 1945, ingawa sentensi hiyo inapendwa sana mitandaoni. Februari 1991 jeshi la nchi kavu la Marekani na washirika wake lilimaliza kazi Kuwait kwa saa 100 tu, baada ya wiki kadhaa za mashambulizi ya anga. Jeshi la Iraki wakati ule lilihesabiwa miongoni mwa majeshi makubwa duniani, na Wamarekani waliouawa vitani hawakufika 150. Sifa tunayoijua leo, ya mabomu yanayoingia kwenye tundu la moshi huku dunia ikitazama kwenye televisheni, ilizaliwa pale. Lakini tazama mazingira: jangwa tupu, vifaru vinavyoonekana kutoka angani, adui aliyevaa sare, na lengo moja lenye mwisho, Iraki itoke Kuwait. Mwaka 2003 jeshi hilohilo liliiteka Baghdad kwa muda wa wiki tatu hivi, na tarehe 1 Mei Rais George W. Bush akasimama juu ya meli ya kubeba ndege ya Abraham Lincoln chini ya bango lililotangaza kuwa kazi imekamilika. Askari wengi zaidi wa Marekani walikufa Iraki baada ya bango lile kuliko kabla yake, wengi wao kwa mabomu yaliyotegwa kando ya barabara.

Neno sifa linatufikisha kwenye maana ya tatu, ambayo mimi naiona ndiyo kiini. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Mbabe anayepishwa hapigani. Jina lake limeshamfanyia kazi. Wataalamu wa ulinzi wana mahesabu marefu kuhusu kumzuia adui kwa kumtisha, lakini msingi wake ndio huohuo. Jina ni silaha ya bei nafuu kuliko zote, na lina ubovu mmoja: halitegemei kilichomo ghalani, linategemea kile wengine wanachoamini utathubutu kufanya.

Mogadishu ilionyesha hivyo kwa uchungu. Tarehe 3 Oktoba 1993 askari wa kikosi maalumu cha Marekani walikwenda kuwakamata wasaidizi wa Jenerali Mohamed Farah Aidid, kiongozi wa wanamgambo wa Kisomali, kazi iliyopangwa kuchukua kama saa moja. Waliwakamata kweli. Lakini helikopta mbili aina ya Black Hawk ziliangushwa kwa roketi za begani, silaha unayoweza kuibeba kama mchi, na mapigano yakaendelea hadi asubuhi. Wamarekani 18 walikufa, na Wasomali mamia, idadi ambayo hakuna aliyejishughulisha kuihesabu vizuri. Kwa kipimo cha pigano, walioingia walipata walichokifuata. Kwa kipimo cha vita, picha za maiti ya askari ikiburutwa barabarani zilitosha: siku chache baadaye Rais Clinton alitangaza majeshi yake yatakuwa yameondoka ifikapo 31 Machi 1994. Wiki moja baada ya tarehe hiyo mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda, na Washington haikutaka kusikia habari ya kupeleka askari Afrika. Aidid hakulishinda jeshi la Marekani. Alionyesha bei ambayo nchi hiyo haikuwa tayari kulipa kwa ajili ya Somalia, na kila aliyekuwa akitazama aliiandika bei hiyo pembeni.

Afghanistan ni hadithi hiyohiyo iliyovutwa kwa miaka 20. Mabomu ya kwanza yalianguka tarehe 7 Oktoba 2001, na kabla ya mwaka kwisha Taliban walikuwa wametolewa madarakani. Baada ya hapo lengo likahama, kutoka kuwasaka al-Qaeda hadi kuijenga dola mpya, na jeshi halijengi dola. Zaidi ya dola bilioni 80 zilitumika kuunda vikosi vya Waafghani wenyewe. Tarehe 15 Agosti 2021 Taliban waliingia Kabul karibu bila risasi, rais Ashraf Ghani akiwa ameshakimbia. Wanajeshi wa Marekani zaidi ya 2,400 walikuwa wamekufa, na Waafghani zaidi ya laki moja.

Huu si ugonjwa wa Marekani peke yake. Waingereza, mabwana wa bahari wa zama zao, walishuka Tanga Novemba 1914 na askari kama 8,000, wengi kutoka India. Waliokuwa wakiwasubiri ni kama 1,000, sehemu kubwa wakiwa askari Waafrika chini ya Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck. Waingereza walirudi melini baada ya siku tatu, wakiacha bunduki za rashasha na risasi laki sita. Magazeti yao yakaelekeza macho kwa nyuki, ambao kweli walichokozwa na milio ya risasi wakauma watu. Ila nyuki wa Tanga waliuma pande zote mbili.

Kwa hiyo mtu akikwambia nchi fulani ndiyo mbabe wa dunia, muulize: mbabe wa kufanya nini, wapi, na kwa muda gani? Jeshi linaloweza kuzamisha manowari yoyote baharini linaweza kuvamiwa alfajiri kwenye kambi yake, kama ilivyotokea Manda Bay, Lamu, tarehe 5 Januari 2020. Al-Shabaab walimuua mwanajeshi mmoja wa Marekani na wakandarasi wawili, na kuharibu ndege kadhaa. Uchunguzi wa Pentagon wenyewe, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, ulikuja kusema kwamba waliokuwa pale walikuwa wamebweteka. Hapo jina lilimponza mwenyewe: aliamini kwamba amepishwa.

Kisha ikaja Bahari ya Shamu. Tangu Novemba 2023 Wahouthi, kundi la wapiganaji wa Yemen, walishambulia meli za biashara kwa droni na makombora. Manowari za Marekani ziliangusha nyingi, kwa makombora yenye bei ya dola milioni mbili na zaidi, dhidi ya droni za maelfu ya dola. Meli ya kubeba ndege ya Harry S. Truman ilipoteza ndege tatu za kivita katika doria hiyo, na hakuna hata moja iliyoangushwa na Wahouthi: moja ilipigwa kwa makosa na manowari ya Marekani yenyewe, mbili zikatumbukia baharini. Tarehe 6 Mei 2025, kwa upatanishi wa Oman, pande hizo mbili zilikubaliana kuacha kushambuliana, na kila upande ukatangaza ushindi. Julai Wahouthi wakazizamisha Magic Seas na Eternity C, meli za mizigo ambazo si za Marekani. Kampuni kubwa za makontena hazikuingia kwenye mabishano ya nani kashinda. Meli zao ziliendelea kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika.