Chigongi Siku Mwili Umechoka: Anza Umekaa

Kosa tunaloliona zaidi kwa mtu aliyeishiwa nguvu anapoanza chigongi, mazoezi ya China, ni kujikaza. Mabega yamepanda, meno yameumana, pumzi ameibana bila kujua. Huyo hapumziki, anajitwisha mzigo mwingine.

Mazoezi haya huunganisha mwendo wa taratibu, pumzi na utulivu wa fikra. Jina la chigongi lilienea miaka ya 1950, ila asili yake ni ya kale. Mwaka 1973, katika kaburi moja la Mawangdui, mjini Changsha, ulipatikana mchoro wa hariri wenye watu 44 wakijinyoosha, wake kwa waume. Kaburi hilo lilifungwa mwaka 168 kabla ya Kristo.

Siku ya uchovu, kaa kitini, nyayo zote zikanyage sakafu. Mgongo ukishindwa kujisimamia, egemea. Si kosa hata kidogo. Weka viganja tumboni, upana wa vidole vitatu hivi chini ya kitovu, mahali Wachina wanapaita dantian. Vuta pumzi kwa pua, uhisi tumbo likivisukuma viganja. Itoe polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kwani hapo ndipo mapigo ya moyo hupungua kasi. Baada ya pumzi tano au sita, ukivuta, acha mikono ipande hadi usawa wa kifua, viwiko vimelegea kana kwamba maji ndiyo yanayoibeba. Ukitoa, ishuke.

Walimu wengi husema usivuke asilimia 70 ya uwezo wako. Kwa aliyechoka, mimi nasema nusu. Dakika 5 zatosha, na usijipime kwa unavyojisikia ukimaliza, jipime kesho yake. Wenye uchovu sugu, wakiwemo baadhi ya waliougua korona, huweza kuzidiwa siku moja au mbili baada ya kujichosha. Ukiamka umezidiwa, punguza. Hata kulala chali na kupumua tu ni mazoezi.

Uchovu wa wiki kadhaa, au wenye homa, maumivu ya kifua au kukonda, upeleke kwa daktari. Huenda ni upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingoni, kisukari au sonona, na chigongi haichukui nafasi ya dawa.

Ukimaliza usinyanyuke ghafla. Sugua viganja vipate joto, yafunike macho kwa viganja hivyo muda wa pumzi tatu, kisha inuka ukishika kiti.