Keti Kando ya Msomaji, Unyamaze

Juni ikikaribia, afisa ugani wa Tandahimba au Newala huanza kuandamwa na swali lile lile: mikorosho inaanza kuchanua, salfa ipulizwe lini na kwa nafasi ya siku ngapi? Majibu yapo. Watafiti wa kituo cha Naliendele cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), hapa hapa Mtwara, wameushughulikia mkorosho na ubwiriunga, ugonjwa wake wa ukungu unaozuiwa kwa salfa, kwa miongo mingi, na kazi zao nyingi zimo katika majarida ya kitaaluma mtandaoni. Tabu huanza pale afisa anapoifungua makala kwenye simu, kioo kimepasuka pembeni, bando limebaki kidogo.

Mimi ni mkutubi wa chuo. Siku moja niliketi na msomaji wa namna hiyo. Akaipata makala, akafurahi, akabonyeza kitufe kilichoandikwa "pakua". Likashuka faili ambalo simu ilikataa kulifungua. Akarudia mara tatu. Kumbe kitufe kile kilikuwa cha kupakua rejea, ile mistari ya jina la mwandishi na mwaka inayoingizwa kwenye programu za watafiti. Kitufe cha makala yenyewe kilikuwa chini zaidi, hakina hata rangi. Akaniambia, "Mwalimu, hii makala ni mbovu." Makala haikuwa na kosa lolote.

Aliyetengeneza ukurasa ule asingeligundua hilo kwa kuutazama mwenyewe, maana anajua kila kitu kilipo. Angeligundua kwa kuketi kando ya msomaji. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba wasomaji 5 tu hutosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, mradi urekebishe kisha ujaribu tena na wengine. Huhitaji maabara. Unahitaji meza, simu ya msomaji mwenyewe na kazi ya kweli ya kumpa.

Usimwulize, "Ukurasa unauonaje?" Huku kwetu kusini utajibiwa "mzuri tu," kwa staha, na utarudi nyumbani mtupu. Mwambie: mkulima anauliza habari za salfa, nitafutie makala moja, uniambie ni ya mwaka gani na kama unaweza kuisoma yote bila kulipa. Mwombe aseme kwa sauti anachokiwaza. Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa, mkono unawasha kumwonyesha. Uzuie. Pale kidole chake kinaposita ndipo penye kazi yako.

Mwaka, kwa mfano, unaonekana jambo dogo, ila ukurasa huweza kuwa na tarehe nne: makala ilipopokelewa, ilipokubaliwa, ilipowekwa mtandaoni na ya toleo la jarida. Msomaji huchukua ya kwanza anayoiona. Malipo nayo yana mtego wake. Alama ya ufikiaji huria, yaani makala kusomwa bila malipo, ni kufuli la rangi ya chungwa lililofunguliwa. Kwenye kioo kidogo, nani atatambua kwamba limefunguliwa? Mtu akiona kufuli anajua pamefungwa, anarudi alikotoka. Maneno mawili, "Soma bure", yangemaliza ubishi.

Zito kuliko yote ni hadhi ya makala: je, ni rasimu ambayo wataalamu wengine hawajaipitia, ni makala kamili, au imetenguliwa, yaani jarida lenyewe limeikana? Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyohusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji wa watoto. Ilitenguliwa mwaka 2010, na madhara yake kwa imani ya wazazi bado yanatusumbua. Leo faili la makala ile limegongwa neno jekundu la kutenguliwa juu ya maandishi yake, na ndivyo inavyopaswa. Tangazo likibaki kwenye ukurasa wa tovuti pekee, halimfikii aliyetumiwa PDF kwenye kundi la WhatsApp. Faili husafiri bila ukurasa wake. Ndiyo maana namba ya DOI, kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, iandikwe kama kiungo kwenye ukurasa wa kwanza wa faili, ili msomaji aweze kurudi kuulizia hali ya makala.

Kisha kuna majina. Mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ya Tendaguru, Lindi, ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Yule mrefu aliyesimamishwa Berlin alipewa jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914. Siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan. Mwanafunzi wa Lindi akitafuta kwa jina jipya tu, makala za zamani zinampita. Ubwiriunga nao ni hivyo hivyo, kwa kuwa makala nyingi ni za Kiingereza na neno hilo halimo kabisa. Kwa maoni yangu, jarida linaloandika habari za mkorosho na kukosa ikisiri ya Kiswahili, au walau jina la ugonjwa kama mkulima anavyolitamka, limemwacha msomaji wake mlangoni.

Wahariri wa majarida ya vyuo, anzeni na jambo jepesi. Zimeni WiFi ya ofisi, fungueni makala yenu moja kwa bando la simu, na mhesabu ni mara ngapi mmebonyeza kabla ya kufika kwenye sentensi yake ya kwanza.